Sura ya Fundi Mwenzake: Juu ya Mchoro Mmoja wa Albrecht Dürer

Jina la Albrecht Dürer si geni kwa wanaosoma historia ya Kanisa. Hutajwa darasani tunapofika kwenye Matengenezo, na kwa kawaida hutajwa kwa sentensi mbili au tatu: kwamba alikuwa mchoraji wa Nürnberg, kwamba aliyapenda maandishi ya Martin Luther, na kwamba mwaka 1526 aliupa mji wake mbao mbili kubwa zenye picha ya wale waitwao Mitume Wanne, na chini yao maneno ya Maandiko kwa tafsiri ya Luther. Baada ya hapo mwalimu hufungua ukurasa mwingine. Katika makala haya tunapenda kukaa na kazi yake moja ndogo ambayo haina mtume, haina aya, wala haina dalili yoyote ya mambo makuu ya wakati ule. Ni mchoro wa haraka wa mchoraji mwenzake, Lucas van Leyden, uliochorwa Antwerp mwezi Juni 1521, ambao leo umehifadhiwa katika jumba la sanaa la mji wa Lille nchini Ufaransa. Karatasi yenyewe si kubwa kuliko ukurasa wa kitabu cha kawaida cha ibada ya madhabahuni.

Tulisukumwa kuandika na kosa letu wenyewe. Tukifundisha habari za Matengenezo tuliwapa wanafunzi nakala ya mchoro huu, tukawaomba kila mmoja aandike kile anachokiona. Lakini kabla ya kuwapa nakala tulikuwa tumekwisha kuwasimulia jinsi Dürer alivyopata habari, majuma machache tu kabla ya kuuchora, kwamba Luther ametekwa na pengine ameuawa. Walipoandika, karibu wote waliandika mahubiri. Mmoja aliona katika macho ya Lucas huzuni ya Kanisa lililofiwa. Mwingine aliona katika kofia yake giza la Roma. Mwingine, mwenye kipawa kikubwa cha mimbarani, alisema kwamba Dürer, akiwa amemkosa Luther, amemchora Luther kwa sura ya mwingine. Tulizisoma kazi zile kwa furaha siku ya kwanza; siku ya pili tuliona haya. Tulikuwa tumewafundisha kuusoma uso wa mtu kwa namna ile ile tunayowakataza kuisoma Biblia, yaani kutia ndani ya andiko kile tulichokuja nacho mfukoni, kisha kukitoa tena kwa mshangao kana kwamba tumekigundua humo.

Basi tuanze upya, kwa utaratibu.

Dürer aliondoka Nürnberg tarehe 12 Julai 1520, akiwa na mkewe Agnes na mtumishi wao Susanna. Safari yake haikuwa ya kidini. Kaisari Maximilian, aliyekuwa amempa malipo ya guldeni 100 kila mwaka, alikuwa amefariki Januari 1519, na Dürer alitaka malipo yale yathibitishwe na Kaisari mpya, Karl wa Tano. Muda wote wa safari aliandika daftari, na daftari lile, lililotufikia kwa nakala tu baada ya lile la asili kupotea, kwa sehemu kubwa ni hesabu: amelipa nini kwa chakula, amempa nani picha gani, ameshinda au kushindwa kiasi gani katika michezo. Msomaji anayetarajia mawazo ya ndani ya msanii mkuu huchoka upesi. Sisi tulilipenda kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa ni daftari la mtu anayefanya kazi. Majira ya baridi alikwenda Zeeland ili amtazame nyangumi aliyekwama ufukoni, asimkute, na baada ya safari ile mwili wake haukuwa tena kama zamani. Daftari linataja homa kali, kichefuchefu na maumivu ya kichwa, dalili ambazo hakuna msomaji wetu anayehitaji kuelezwa.

Tarehe 4 Mei 1521 Luther, akirudi kutoka Worms, alikamatwa na wapanda farasi katika misitu ya Thuringia na kupelekwa katika ngome ya Wartburg. Sisi tunajua kwamba huo ulikuwa mpango wa Mteule Friedrich wa kumwokoa. Watu wa Antwerp hawakujua. Siku iliyofuata, Jumapili, Dürer alikuwa mgeni katika arusi ya Joachim Patinir, mchoraji wa mandhari ambaye naye baadaye alimchora. Habari ya kutekwa kwa Luther ilimfikia Ijumaa kabla ya Pentekoste, tarehe 17 Mei, siku nne kabla hajatimiza umri wa miaka 50. Hapo hesabu zinakatika ghafula na inafuata kurasa ya maombolezo, ndefu kuliko jambo lingine lolote katika daftari zima. Anamlilia Mungu, anauliza ni nani sasa atakayewafafanulia Injili kwa uwazi kama ule, anamwita Erasmus ajitokeze aitetee kweli ingawa ni mzee. Wako wataalamu waliotilia shaka kama maneno yote ni yake. Hata hivyo uchungu wake hauna mfano katika maandishi mengine ya safari ile. Kisha daftari linarudi kwenye hesabu.

Mwanzoni mwa Juni alikwenda Mechelen kwa Bibi Margarete wa Austria, aliyetawala nchi zile kwa niaba ya Kaisari. Alimwonyesha picha ya Maximilian aliyoipaka rangi kwa mkono wake, akitaka kumpa. Maximilian alikuwa baba yake Margarete. Picha haikumpendeza, na Dürer akaondoka nayo. Mchoraji aliyejulikana kuliko wote kaskazini mwa milima ya Alpi alirudi Antwerp na zawadi yake iliyokataliwa. Mwishoni mwa safari, akipiga hesabu, ataandika kwamba katika nchi zile amepata hasara kwa wakubwa na kwa wadogo, na hasa kwa Bibi Margarete, ambaye hakumpa kitu kwa yote aliyompa.

Ndipo alipokutana na Lucas. Daftari linasema kwa ufupi sana kwamba bwana Lucas, achongaye katika shaba, alimwalika chakulani. Kwamba ni mtu mdogo wa kimo. Kwamba ni mzaliwa wa Leiden katika Uholanzi. Kwamba wakati ule alikuwa Antwerp. Baadaye kidogo linasema kwamba amemchora kwa kalamu ya fedha. Na tena kwamba ametoa chapa zake zenye thamani ya guldeni nane akapata kwazo chapa zote za Lucas. Basi. Mwaka 1604 Karel van Mander, akiandika maisha ya wachoraji, aliisimulia habari hiyo kama iliyotokea Leiden, akaipamba: Dürer alipomwona yule mtu mdogo mwenye jina kubwa alikosa pumzi na maneno, akamkumbatia. Huenda kulikuwa na kukumbatiana. Lakini yeye aliyekuwapo aliandika kimo, mji na bei.

Ni vyema msomaji ajue pia walikuwa nini wao kwa wao. Lucas alikuwa mdogo kwa Dürer kwa zaidi ya miaka 15. Tangu 1508 alikuwa akitoa chapa za shaba zenye tarehe, na tangu mwanzo zilikuwa za mtu aliyekwisha kuiva. Aliziangalia chapa za Dürer na kuchukua kwazo, na wakati huo huo alishindana nazo sokoni, kwa maana chapa husafiri, na mnunuzi mwenye fedha kidogo huchagua. Kwa hiyo waliokaa kitako siku ile hawakuwa mwalimu na mwanafunzi, wala hatuwezi kusema walikuwa marafiki. Walikuwa mafundi wa kazi moja, kila mmoja akiifahamu mikono ya mwenziwe kabla hajamfahamu uso.

Tuseme neno juu ya kalamu ya fedha, kwa kuwa hukumu yetu inategemea hapo. Karatasi hupakwa kwanza tabaka jembamba la unga, mara nyingi majivu ya mifupa yaliyochanganywa na gundi, ili uso wake uwe na ukwaruzo. Kisha huchorwa kwa kijiti chenye ncha ya fedha. Ncha ile huacha alama ya kijivu iliyo nyembamba sana, ambayo kwa hewa na miaka hugeuka kuelekea rangi ya udongo. Chombo hiki kina ugumu wa namna mbili. Kwanza, ukikandamiza zaidi hupati weusi zaidi kama katika makaa. Kivuli hupatikana kwa kurudia mistari tu, mmoja kando ya mwingine. Pili, alama haifutiki kwa urahisi. Mtu akikosea, kosa hubaki pale likitazamwa. Hii ndiyo sababu kalamu ya fedha haimfai mtu asiyejua anachotafuta, na ndiyo sababu mchoro wa haraka kwa chombo hiki si mchoro wa kubahatisha. Haraka yake ni ya mtu aliyekwisha kutazama maelfu ya nyuso.

Katika mchoro wa Lille tunamwona Lucas kichwa na sehemu ya juu ya mwili, amevaa kofia. Hakuna chumba nyuma yake, wala dirisha, wala pazia. Hakuna bamba la shaba wala chombo cha kuchongea cha kumtambulisha kazi yake. Hakuna fuvu la kichwa la kutukumbusha mauti, ingawa wachoraji wa siku zile walilipenda. Mavazi yamepitiwa kwa mistari michache yenye upana, kama mtu anayesema, haya mnayajua. Usoni mkono umebadilika: mistari inakuwa mifupi, inakaribiana, inafuata mfupa chini ya ngozi. Kazi yote ya siku ile imekwenda usoni. Wala uso haukurembwa. Hakufanywa mrefu kuliko alivyo, hakupewa heshima ya kukopa, wala hakudharauliwa kwa udogo wake. Aliyeandika daftarini kwamba ni mtu mdogo hakuuchora udogo kama kioja.

Sasa, je, huzuni ya Mei imo katika uso huu wa Juni? Tunajibu kwamba hatuna haki ya kusema imo. Uso ni wa Lucas, na Lucas hakuwa akimlilia Luther kwa ushahidi wowote tulio nao. Kumgeuza kuwa chombo cha huzuni ya Dürer ni kumnyang'anya sura yake mwenyewe, na hilo ndilo Dürer hakulifanya. Tunaamini kwamba ubora wa mchoro huu umekaa hapo hasa. Mtu aliyekuwa na homa mwilini, aliyekataliwa zawadi yake na mkuu wa nchi, aliyeamini kwamba mwalimu wa nafsi yake ameuawa, aliketi mbele ya fundi mwingine, na kwa muda wa kikao kile hakumtwisha hata mzigo mmoja kati ya hiyo. Tunaoujua mzigo tunatamani kuuona. Karatasi inatunyima.

Jambo hili linazidi uzito tukikumbuka picha ambayo Dürer hakuichora. Mapema mwaka 1520 alimwandikia Georg Spalatin, katibu wa Mteule Friedrich, kwamba iwapo Mungu atamjalia kufika kwa Daktari Martin Luther, atamchora kwa uangalifu na kumchonga katika shaba, awe ukumbusho wa kudumu wa Mkristo aliyemsaidia kutoka katika mahangaiko makubwa. Hakufika. Sura ya Luther tunayoijua sote, hata ile iliyo kwenye vitabu vya watoto wa kipaimara, imetoka kwa Lucas Cranach wa Wittenberg, aliyeichonga tangu mwaka ule ule wa 1520. Wapo wanaosikitika, na sisi tulisikitika zamani, kwamba kalamu ile ya fedha ilimpata Lucas wa Leiden badala ya Martin wa Wittenberg. Siku hizi hatuna hakika kama tungefaidi. Picha iliyokusudiwa tangu mwanzo kuwa ukumbusho huwa na wajibu wa kutimiza. Mchoraji huichora akiwaza watakaoitazama. Cranach alitimiza wajibu huo, tena vizuri, na nyuso zake za Luther zilisaidia Injili kwenda mbali. Lakini ni nyuso za bendera. Lucas hakuwa bendera ya mtu yeyote, na kwa hiyo aliweza kutazamwa.

Hapa tunaugusa mjadala ambao wachungaji wetu wanaufahamu. Wanateolojia wanapozungumza juu ya picha, karibu kila mara huzungumza juu ya ruhusa. Tunasoma jinsi Karlstadt alivyotaka picha ziondolewe makanisani, jinsi Luther aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522 alivyohubiri kwamba moyo ndio wa kusafishwa kwanza, na jinsi mwaka 1525 alivyoeleza kwamba asikiapo habari za Kristo, moyoni mwake hujichora sura ya mtu aliyetundikwa msalabani, atake asitake. Tunarudi kwenye amri ya sanamu ya kuchonga, ambayo katika Katekisimo yetu huhesabiwa ndani ya amri ya kwanza. Haya yote ni ya lazima. Lakini maswali yote hayo ni ya jedwali la kwanza la amri, yaani yanauliza picha inatufanya tuwe nini mbele za Mungu. Ni mara chache mno tunauliza picha inatufanya tuwe nini mbele ya jirani. Mchoro wa Lille hauna hatari ya kuabudiwa na mtu yeyote. Haungeng'olewa na mvunja sanamu hata aliye mkali. Swali lake ni la jedwali la pili: je, unaweza kumtazama mtu wa kazi yako, anayeshindana nawe, ukaona yeye ni nani bila kumpima?

Kwa maana kupima kulikuja baadaye, na kulikuja upesi. Mwaka 1572 huko Antwerp ilitolewa jamii ya picha za chapa za wachoraji mashuhuri wa nchi zile, kila moja ikiwa na beti za Kilatini za Lampsonius chini yake. Sura ya Lucas katika jamii ile imetokana na mchoro wa Dürer, na ni kwa msaada wa chapa hiyo hasa kwamba mtu wa Lille alitambuliwa. Mistari imekuwa migumu, kama inavyolazimika katika shaba. La kuhuzunisha zaidi ni beti. Zinamsifu Lucas kwa kumwambia kwamba yeye hayuko sawa na Dürer, ila yu karibu naye kuliko wengine. Tazama ilivyo ajabu: uso uliochorwa na Dürer bila kumlinganisha mtu na mtu unatumiwa, nusu karne baadaye, kuwa mahali pa kumpa namba ya pili. Vasari naye katika maandishi yake aliwashindanisha wawili hawa. Wanahistoria wa sanaa hawajaacha hadi leo, na tukiri kwamba hata sisi, tulipoanza kuandika, tulikuwa na aya nzima juu ya nani alikuwa bora. Tumeifuta.

Tunawaandikia watumishi, na mtumishi ana mafundi wenzake. Sisi wachungaji tunawatazama washiriki wetu, au tunajitahidi. Lakini mchungaji mwenzetu wa usharika wa jirani tunamtazama lini? Tunayajua mahubiri yake kwa kusimuliwa, tunazijua takwimu za sadaka zake kutoka taarifa ya jimbo, tunajua alisoma wapi na amepandishwa lini. Siku anapozikwa husomwa wasifu wake: tarehe ya kuzaliwa, ya kubatizwa, ya kubarikiwa, vituo alivyohudumu. Tumewahi kuketi katika ibada kama hizo tukiwa tumemfahamu marehemu miaka 20, na kugundua kwamba hatungeweza kuongeza hata sentensi moja iliyo ya kweli juu ya jinsi alivyokuwa. Tulikuwa na cheo chake mbele yetu kuliko alivyo yeye. Labda ni ukali kusema hivi, na wako wenzetu wasiostahili lawama hiyo.

Hatusemi kwamba mchoro huu umekamilika. Una mipaka ambayo anayeupenda hana budi kuikubali. Hauelezi chochote juu ya sanaa ya Lucas: mtu ambaye hajaziona chapa zake hatajua kutokana na uso huu kwamba alikuwa na uwezo wa kuchonga umbali na hewa katika shaba kama wachache walivyoweza. Hauelezi yaliyofuata, kwamba mwaka ule ule wa 1521 alitoa jamii ya chapa za Mateso ya Bwana ambazo ndani yake Dürer anaonekana wazi, pengine kupita kiasi. Wala kwamba mwaka 1526 na 1527 alipaka picha ya Hukumu ya Mwisho kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Leiden, ambayo iliokoka ghasia za wavunja sanamu za 1566 na bado inatazamwa katika mji ule. Alifariki mwaka 1533, miaka mitano baada ya Dürer. Yote haya ni lazima yatafutwe mahali pengine.

Safari hii darasani tutatoa nakala kwanza, kabla ya hadithi. Tutawaomba wanafunzi wakae kimya kwa dakika 20 na kuandika tu kile mstari unachofanya: unapokaza, unapolegea, unapoishia. Habari za Luther zitakuja juma linalofuata, na atakayetaka kuhubiri ataruhusiwa hapo.

Dürer mwenyewe aliaga Antwerp mapema mwezi Julai, lakini si kabla Mfalme Christian wa Pili wa Denmark hajamwita aje kumchora, akamchora kwa makaa, kisha akala naye. Daftari linaandika mambo haya kwa sauti ile ile ya hesabu. Katika mali aliyoikusanya safarini zilikuwamo chapa zote za Lucas, alizozipata kwa thamani ya guldeni nane za kazi ya mikono yake.